Jiwe Mbele ya Mlango

Mtu anayetembea katika miji ya Ujerumani, na siku hizi katika nchi nyingi za Ulaya, akitazama chini ataona pengine kitu kidogo kinachong'aa kati ya mawe ya njia. Ni bamba la shaba ya manjano, centimeta 10 kwa centimeta 10, linalofunika uso wa jiwe la saruji. Jiwe lenyewe limezamishwa ardhini mpaka limekuwa sawa na njia, mbele ya mlango wa nyumba. Juu ya shaba yamepigwa maneno machache. Mara nyingi yanaanza kusema: hapa alikaa. Kisha linafuata jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa kwake, mwaka aliohamishwa kwa nguvu, pahali alipopelekwa, na siku aliyouawa. Ndiyo yote. Hakuna sifa, wala picha, wala sala.

Mawe hayo ni ukumbusho wa watu walioteswa na kuuawa na serikali ya Hitler kati ya miaka 1933 na 1945. Walio wengi ni Wayahudi, kwani Wayahudi wapata milioni 6 waliuawa wakati ule. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wanayaita mawe hayo Stolpersteine, ndiyo kusema mawe ya kujikwaa. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja kwamba nabii Isaya na Mtume Petro nao walisema habari ya jiwe la kujikwaa.

Leo nataka tuyapime mawe hayo, kama tunavyopima kazi yoyote ya mikono ya watu. Yanataka kusema nini? Yanalisema vizuri? Yana kasoro gani? Maswali haya si ya mafundi wa Ulaya tu. Kila taifa lina wafu wake waliouawa bila kosa, na kila taifa linaulizwa: mtawakumbuka namna gani? Ukumbusho mzuri unawarudishia wafu heshima yao. Ukumbusho mbaya unawapa wazima ruhusa ya kusahau.

Namna yalivyoanza

Fundi aliyebuni kazi hii ni Gunter Demnig, aliyezaliwa Berlin mwaka 1947. Mwaka 1990, katika mji wa Köln, alichora alama ndefu juu ya barabara, kufuata njia waliyopitishwa Waroma na Wasinti 1,000 walipoondolewa mjini kwa nguvu katika mwezi wa Mei 1940. Hao ni watu ambao wengine huwaita kwa dharau Wajipsi. Demnig mwenyewe amesimulia kwamba mama mzee mmoja alimwambia kuwa watu wa namna hiyo hawakukaa kamwe katika mtaa ule. Fundi akafahamu kwamba mama huyo hakusema uongo kwa kusudi. Alikaa karibu nao bila kujua kama ni wao. Na walipoondolewa, maisha ya mtaa yaliendelea.

Tarehe 16 Desemba 1992 Demnig alitia jiwe la kwanza mbele ya nyumba ya baraza la mji wa Köln. Siku ile ilitimia miaka 50 tangu Himmler, mkubwa wa polisi ya Hitler, kutoa amri ya kuwapeleka Waroma na Wasinti Auschwitz. Mwaka 1996 aliweka mawe mengine huko Berlin pasipo ruhusa ya serikali. Ruhusa ilikuja baadaye. Tarehe 26 Mei 2023, katika mji wa Nürnberg, hesabu ilifika mawe 100,000.

Lakini tusipotee katika hesabu, kwani ginsi ya kazi hii ni kuhesabu mtu mmoja mmoja. Jiwe moja, mtu mmoja. Baba na mama na watoto waliokaa pamoja, mawe yao yanalazwa pamoja. Na kama mtoto mmoja alipona, labda kwa kupelekwa Uingereza kabla ya vita, jiwe lake linaweza kuwekwa karibu na mawe ya wazazi wake waliouawa, ili jamaa iliyotawanywa ikutane tena mlangoni pao.

Herufi nazo hazitoki katika mashini ya kiwanda. Zinapigwa moja moja kwa nyundo, kwa mkono wa fundi. Sababu yake ni ya maana: watu wale waliuawa kwa maelfu kama kwa kazi ya kiwanda, haifai majina yao yatengenezwe vivyo hivyo.

Nguvu ya mlango

Katika Berlin kuna ukumbusho mwingine mkubwa wa Wayahudi wa Ulaya, uliofunguliwa mwaka 2005. Una nguzo za saruji 2,711, zimepangwa kama makaburi katika uwanja mpana, na juu yake halikuandikwa jina hata moja. Mtu huenda kule kwa kusudi. Anajitayarisha moyo, anaona huzuni, kisha anarudi nyumbani. Siukatai ukumbusho ule. Lakini jiwe dogo la Demnig linafanya kazi nyingine: linamkuta mtu anapotoka kununua mkate.

Tena linamkuta pahali penyewe. Auschwitz iko Polandi, mbali na Köln na Berlin. Vita ilipokwisha, Wajerumani wengi walisema kwamba hawakujua mambo yaliyotendwa kule. Jiwe linajibu pasipo kupiga kelele: ubaya haukuanza Auschwitz, ulianza hapa mlangoni. Polisi walipiga hodi hapa. Mtu alishuka kwa ngazi hizi na mzigo wake mkononi, na madirisha ya jirani yalikuwa na macho. Baadaye meza yake, kitanda chake, sahani zake na nguo zake ziliuzwa kwa mnada. Katika miji kama Hamburg na Köln raia walikwenda kununua. Je, mtu anaweza kununua kitanda cha jirani yake na kusema kwamba hakujua kama jirani ameondoka?

Hapo sisi wakristu tusijifiche nyuma ya wengine. Köln ni mji wa Kanisa kuu linalojulikana duniani pote, na watu wake wengi wakati ule walikuwa wakatoliki. Majirani waliotazama dirishani walikuwa wamebatizwa. Wako waliosimama imara. Padri Bernhard Lichtenberg wa Berlin aliwaombea Wayahudi kanisani mbele ya watu wote tangu Novemba 1938. Alikamatwa mwaka 1941, akafa mwaka 1943 akiwa njiani kupelekwa Dachau, na tangu mwaka 1996 Kanisa linamwita Mwenye Heri. Lakini jina lake linang'aa hivi kwa sababu wenziwe hawakuwa wengi. Walio wengi walifanya kama wale wawili wa kwanza katika mfano wa Msamaria: waliona, wakapita upande wa pili.

Basi, hii ndiyo nguvu ya kwanza ya kazi ya Demnig, na kwangu mimi ndiyo kubwa kupita zote. Mawe haya yanasema habari za waliouawa, lakini yanawauliza waliobaki. Ukumbusho mwingine unaonyesha mtesi na mteswa. Jiwe mbele ya mlango linamleta mtu wa tatu, jirani, ambaye vitabu vya vita mara nyingi vinamwacha nje.

Majina yanayotugusa

Mawe mengine yana majina ambayo sisi tunapaswa kuyajua. Edith Stein alizaliwa mwaka 1891 katika jamaa ya Kiyahudi huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Polandi. Alibatizwa mwaka 1922, akaingia Karmeli ya Köln mwaka 1933. Hatari ilipozidi alihamia Karmeli ya Echt katika Uholanzi. Tarehe 26 Julai 1942 barua ya kukemea mateso ya Wayahudi ilisomwa katika makanisa katoliki ya Uholanzi kwa amri ya maaskofu. Kwa kulipiza kisasi, Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobatizwa. Sista Tereza Benedikta wa Msalaba, ndilo jina lake la utawa, aliuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti 1942. Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1998. Ana jiwe katika Köln, na jiwe katika Wrocław tangu mwaka 2008. Kanisa limemwekea altare na sikukuu. Lakini njiani jiwe lake lina kipimo kilekile cha centimeta 10, sawa na la mshona viatu na la mtoto mchanga. Naona ni haki, kwani hakuuawa kwa sababu ya utakatifu wake tu. Aliuawa pamoja na taifa lake, na jiwe linamrudisha kati yao.

Jina la pili ni la mtu wa lugha yetu. Katika Berlin, mbele ya nyumba ya njia inayoitwa Brunnenstraße, liko tangu mwaka 2007 jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Mohamed Husen. Hakuwa Myahudi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Wajerumani, na katika vita ya 1914 mpaka 1918 yeye mwenyewe alitumika jeshini akiwa mtoto bado. Mwaka 1929 alifika Berlin. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akacheza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya kukaa na mwanamke mzungu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mtu huyu angepata wapi nafasi katika ukumbusho mkubwa? Hesabu ya watu kama yeye ni ndogo, na wakubwa wa nchi hawajengi nguzo kwa ajili ya wachache. Lakini jiwe haliulizi hesabu. Linauliza tu kama mtu alikaa hapa.

Na sisi wa Kongo tusiseme kwamba habari ya Wayahudi haikufika kwetu. Katika Lubumbashi, mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, liko sinagogi lililojengwa wakati wa Wabelgiji. Wengi wa Wayahudi waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja Katanga kufanya biashara, wakaacha nyuma wazazi na ndugu. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliobaki kisiwani, watu karibu 1,700, wakawapeleka Auschwitz. Waliopona walikuwa wapata 150. Basi zamani zile katika avenyu za Élisabethville wakristu wetu walinunua na kuuza na watu wenye msiba mkubwa kama huo, na wengi hawakujua. Jirani anaweza kubeba kilio ambacho sisi hatukukisikia.

Lawama ya miguu

Sasa tuangalie kasoro, kwani kusifu tu si kupima. Lawama ya kwanza inajulikana sana: jina la marehemu limewekwa chini, na watu wanalikanyaga. Mvua inalimwagia matope, mbwa wanalichafua. Aliyelisema jambo hili kwa nguvu kupita wengine ni Bibi Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa München kwa miaka mingi. Alizaliwa mwaka 1932. Zamani za mateso alifichwa kijijini na mwanamke mkatoliki, aliyeacha watu wamdhanie kwamba amezaa mtoto nje ya ndoa, mradi mtoto yule asikamatwe. Mtu aliyepona namna hiyo akisema kwamba majina ya ndugu zake yasiwekwe tena chini ya viatu, haifai tumjibu kwa haraka.

Watetezi wa mawe wanajibu kwamba asiyeinama hawezi kusoma, na kuinama ni kuheshimu. Wanakumbusha pia makaburi ya maaskofu katika sakafu za makanisa ya zamani, ambayo waamini huyapita kila siku. Jibu hili ni zuri, lakini halitoshi. Anayeingia kanisani anaingia kwa heshima. Anayepita njiani ana haraka zake. Tena ziko desturi mbaya za kale. Katika Ujerumani watu waliojikwaa walikuwa na mazoea ya kusema kwa mzaha kwamba pale lazima amezikwa Myahudi. Na wakati wa vita mawe ya makaburi ya Wayahudi yaling'olewa huko Polandi yakatumiwa kutengeneza barabara. Anayejua mambo hayo anafahamu uchungu wa Bibi Knobloch.

Baraza la mji wa München lilikataa mawe hayo katika viwanja vya serikali mwaka 2004, likarudia kukataa mwaka 2015. Tangu mwaka 2018 mji ule unaweka alama nyingine: mabamba ukutani na nguzo nyembamba, jina likiwa mbele ya macho ya mpita njia. Ni njia ya heshima, wala haipotezi nguvu ya mlango. Lakini mwaka 2004 mawe mawili yaliyokwisha kuwekwa kwa ajili ya mume na mke yaling'olewa kwa amri ya mji, ijapokuwa mtoto wao mwenyewe ndiye aliyeyataka. Hapo nasema mji ulikosea. Kilio cha baba kina mwenyewe. Wazee wa jamaa yote wana haki ya kusema juu ya heshima ya jamaa, lakini mtoto aliyemlilia mama yake asinyang'anywe jiwe alilomwekea. Pahali ambapo watoto wa marehemu wanaliomba, liwekwe. Ambapo wanalikataa, jina lipande ukutani.

Maneno ya watesi

Lawama ya pili haisemwi sana, lakini kwangu ni nzito kuliko ya miguu. Juu ya mawe fulani Demnig aliandika kosa aliloshtakiwa mtu kwa maneno yaleyale ya mahakimu wa Hitler, akiyatia katika alama za kunukuu. Alitaka kuonyesha ginsi sheria ilivyopotoka. Jamaa za marehemu walilalamika, na naona walikuwa na haki. Bamba lina nafasi ya mistari michache tu. Mpita njia hana mwalimu wa kumweleza maana ya alama zile mbili ndogo. Atasoma jina, na karibu nalo tukano. Hivi mtesi anapewa tena nafasi ya kusema, na safari hii maneno yake yamepigwa katika shaba. Kazi inayotaka kurudisha jina isiliache limefungwa pamoja na hukumu ya uongo. Neno «aliuawa» ambalo limeandikwa juu ya mawe mengi linatosha. Ni fupi, ni kweli, na linamtaja mwenye kosa bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Shaba ikifanya weusi

Lawama ya tatu ni ya mazoea. Wanasema kwamba jiwe likiwa jipya watu wanasimama. Baada ya mwaka wanapita tu. Ni kweli. Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa namna ya shaba: ikiachwa katika mvua na vumbi inafifia, inafanya weusi, jina halisomeki.

Lakini hapa kasoro inageuka kuwa faida. Ukumbusho huu haumalizi kazi siku ya kuwekwa. Kwanza lazima atokee mtu wa kuulizia: nani alikaa katika nyumba hii? Mara nyingi ni watoto wa shule na mwalimu wao, wanaotafuta katika vitabu vya serikali. Kisha jamaa zake wanatafutwa, hata ng'ambo ya bahari. Mtu ao kikundi cha watu wanalipa gharama. Kwa miaka mingi jiwe moja liligharimu euro 120, fedha ambayo watu wa mtaa mmoja wanaweza kuichanga. Na jiwe likiisha kuwekwa, lazima mtu apige magoti na kitambaa, alisugue. Wengi hufanya hivyo tarehe 9 Novemba, siku ya kukumbuka usiku wa mwaka 1938 masinagogi yalipochomwa moto, ao tarehe 27 Januari, siku kambi ya Auschwitz ilipofunguliwa mwaka 1945. Jiwe jeusi linawashitaki wenye nyumba wa leo. Jiwe linalong'aa linaonyesha kwamba yuko mtu anayekumbuka.

Wenye chuki nao wanajua nguvu hiyo. Mwezi wa Novemba 2017 mawe 16 yaliibwa katika mtaa mmoja wa Berlin. Mwezi wa Oktoba 2024, katika mji mdogo wa Zeitz, yaliibwa yote 10 yaliyokuwako. Watu wakachanga fedha upesi ili yawekwe mengine. Hakuna anayejisumbua kung'oa kitu kisichosema neno.

Hukumu yetu

Basi nafunga hivi. Kazi ya Demnig ni kazi njema, kwa sababu imeweka jina pahali pake, mlangoni, na kwa sababu inadai jasho la majirani wa leo mahali pa majirani wa jana waliokaa kimya. Ina kosa inapoazima maneno ya watesi, na inapaswa kusikiliza watu wanaoumizwa na majina kulala chini. Na ina hatari moja ambayo fundi hawezi kuiondoa: mtu anaweza kulipa euro zake, akatazama jiwe linawekwa, akarudi nyumbani akidhani deni limekwisha, huku mgeni aliyepanga katika lupango la jirani anatukanwa kwa ajili ya kabila lake. Mtu kama huyo amelisoma jiwe kwa macho tu.

Sisi tunajua maana ya kutaja jina. Tarehe 2 Novemba tunampelekea padri majina ya marehemu wetu, na mama akisikia jina la mtoto wake linasomwa kanisani anatulia kidogo. Wayahudi wa Ulaya wengi hawakuachiwa kaburi wala siku ya kilio. Ndugu zetu wengi wa Kongo wanakaa leo Ubelgiji, na katika Bruxelles mawe hayo yamewekwa tangu mwaka 2009. Ndugu msomaji, ukiwa na mtoto ao mpwa anayesoma kule, mwandikie jambo hili: akiona shaba inang'aa mbele ya mlango, asiipite. Ainame, alisome jina lote kwa sauti, amwombee marehemu kwa Mungu wa Abrahamu, kisha ainue macho atazame watu wanaokaa karibu naye.